Behewa la Reli ya Kati juu ya meza: Ufundi wa kuunda modeli kwa vipimo sahihi

Na Mwandishi Wetu

MTOTO wa Ntalikwa, katika Manispaa ya Tabora, hana tofauti na mtoto wa Buguruni au wa Mwanjelwa linapokuja suala la kuunda gari la kuchezea. Huokota waya, kopo tupu na kandambili iliyokatika, akakata, akakunja, akafunga, na kabla ya jua kuzama gari linasukumwa barabarani kwa kijiti kirefu chenye usukani.

Mtoto hodari huweza hata kukuonyesha kwamba gari lake ni lori wala si basi. Lakini ukimuuliza tairi lake ni dogo mara ngapi kuliko tairi la lori lenyewe, na kama mwili wa gari nao umepungua kwa kiasi hicho hicho, hana jibu. Wala hatarajiwi kuwa nalo, kwani alichokitafuta ni mchezo, na mchezo ameupata.

Swali hilo la "mara ngapi" ndilo linalotenganisha kitu cha kuchezea na kile ambacho wapenzi wa reli duniani hukiita modeli. Modeli ni kifaa kidogo ambacho kila sehemu yake imepunguzwa kwa uwiano mmoja usiobadilika. Anayeielewa anaweza kuchukua rula, akapima mlango wa behewa dogo lililo mezani, akazidisha, akapata upana wa mlango wa behewa halisi lililosimama stesheni.

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani kazi hiyo ni burudani ya watu wazima, wakiwamo madaktari, walimu, mafundi na wastaafu. Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna maonyesho makubwa ya treni ndogo yaitwayo Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo huvutia watalii kutoka kila pembe ya dunia. Wengine hawajali sana injini, bali hutumia miaka wakiunda mabehewa ya mizigo pekee, wakihesabu ribiti za ubavuni na kubishana kuhusu umbo la ngazi.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini wakati huu mabehewa ya Reli ya Kati yanastahili kufanyiwa hivyo kuliko wakati mwingine wowote.

Skeli ni nini?

Kila aliyesoma jiografia sekondari anakumbuka ramani ya skeli ya 1:50,000, ambayo sentimita moja juu ya karatasi ni nusu kilometa ardhini. Modeli hufuata kanuni hiyo hiyo, isipokuwa inapimwa pande zote tatu, yaani urefu, upana na kimo.

Skeli inayotumika zaidi duniani ni 1:87. Maana yake ni kwamba kila milimita 87 za behewa halisi zinakuwa milimita moja ya modeli. Mtu mzima mwenye kimo cha mita 1.74 anakuwa na kimo cha sentimita mbili kamili.

Tuchukue mfano wa kontena la futi 20, ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam ameliona bandarini au likiwa limegeuzwa duka mtaani. Urefu wake ni mita 6.058, upana mita 2.438 na kimo mita 2.591. Gawanya kwa 87, na unapata kijisanduku chenye urefu wa milimita 69.6, upana wa milimita 28 na kimo cha milimita 29.8. Ni kitu kinachokaa katika kiganja.

Baada ya hapo linakuja suala la upana wa njia, yaani nafasi iliyopo kati ya reli mbili. Hapa ndipo wengi hukosea. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ina upana wa mita moja, yaani milimita 1,000, wakati reli ya kisasa ya SGR ina milimita 1,435. Katika skeli ya 1:87, ya kwanza inakuwa milimita 11.5 na ya pili milimita 16.5.

Njia nyingi za kuchezea zinazouzwa madukani ni hizo za milimita 16.5. Mtu akiunda behewa la Tabora kwa uangalifu wote, kisha akaliweka juu ya njia hiyo, atakuwa ameligeuza kuwa behewa la SGR bila kujua. Jambo linalolipa behewa la reli ya mita moja sura yake ni mwili mpana uliokaa juu ya njia nyembamba. Kontena la upana wa mita 2.438 linazidi upana wa njia kwa zaidi ya mara mbili, na jicho hulitambua hilo hata kabla ya kusoma maandishi ya ubavuni.

Kwa sababu hiyo, anayetaka usahihi hutumia njia ya milimita 12, ambayo wapenzi wa reli za milimani za Uswisi wameitumia kwa miaka mingi, kwani reli nyingi za huko nazo ni za mita moja. Wenye nafasi kubwa, au macho yaliyochoka, huchagua skeli ya 1:22.5 juu ya njia ya milimita 45, iliyoingizwa sokoni mwaka 1968 na kampuni ya Kijerumani ya Lehmann kwa jina la LGB. Katika skeli hiyo kontena letu linakuwa na urefu wa sentimita 27, na linaweza kukokotwa hata bustanini.

Jambo la kuchekesha ni kwamba viwango vya Ulaya huziweka reli zote zenye upana wa kuanzia milimita 850 hadi 1,250 katika kundi moja la njia ya milimita 12. Reli ya TAZARA, yenye milimita 1,067, imo humo pamoja na Reli ya Kati. Kwa hiyo mabehewa ambayo katika maisha halisi hayawezi kupita njia moja, kiasi cha kujengwa kituo cha kuhamishia mizigo kule Kidatu, juu ya meza yanaweza kufuatana katika treni moja bila tatizo.

Kwa nini mabehewa ya mizigo?

Abiria hupenda kutazama kichwa cha treni. Lakini reli hii haikujengwa kwa ajili ya kutazamwa. Ilijengwa kubeba mizigo, na Tabora ni mahali panapolieleza hilo kuliko pengine popote nchini.

Kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, nguo, shanga na waya mabegani na vichwani kwa wiki nyingi. Mzigo wa mpagazi mmoja kwa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, na frasila moja ni takriban kilo 16.

Hebu tupige hesabu. Behewa moja lenye uwezo wa kubeba tani 40 linachukua mizigo ya wapagazi 1,250. Treni ya mabehewa 20 kama hayo ingehitaji wapagazi 25,000. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi iliyoupa mji huu jina ilihamia kwenye chuma. Mwaka 1928 njia ya kaskazini ilifika Mwanza, na Tabora ikawa njia panda.

Tangu hapo, karibu kila kilichouzwa na kununuliwa magharibi mwa nchi kimewahi kupita ndani ya behewa: tumbaku, pamba, nafaka, saruji, mafuta na ng'ombe. Kila mzigo ulidai umbo lake. Nafaka na saruji zilitaka behewa lililofunikwa, mafuta yalitaka tenki, mifugo ilitaka kuta zenye nafasi za kupitisha hewa, na kontena linataka jukwaa bapa lisilo na kuta. Anayeunda modeli za mabehewa haya anaunda historia ya uchumi wa eneo zima.

Chagua mwaka kwanza

Kosa la pili la wanaoanza ni kuunda behewa lisilo na tarehe. Mtaalamu huanza kwa kuuliza: hili ni behewa la mwaka gani?

Katika reli yetu swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu herufi za ubavuni zimebadilika kila historia ya nchi ilipobadilika. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda chini ya shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli, TRC. Mwaka 2007 ilianza kampuni ya TRL, na mwaka 2017 jina la TRC likarejea.

Behewa lile lile la chuma lingeweza kupakwa rangi na kuandikwa upya zaidi ya mara moja katika maisha yake. Akiweka herufi za TRL katika treni anayosema ni ya mwaka 1985, mwundaji amesema uongo, hata kama kila ribiti iko mahali pake.

Mwaka huamua pia ni behewa lipi lingeweza kuonekana wapi. Kiungo cha reli kati ya Ruvu na Mnyusi kilikamilika mwaka 1963, na ndicho kilichoiunganisha Reli ya Kati na njia ya Tanga, ambayo nayo ilikuwa imeungana na Kenya. Kabla ya hapo, behewa lililokuwa Nairobi halikuwa na njia ya reli ya kulifikisha Tabora. Haya ndiyo mambo ambayo mwundaji makini huyajua kabla ya kushika wembe.

Kupima bila kuvunja sheria

Viwanda vikubwa vya modeli huunda zaidi treni za nchi ambako wateja wao wanaishi. Kwa hiyo anayetaka behewa la Reli ya Kati atarajie kuliunda mwenyewe kuanzia mwanzo, na kazi hiyo huanza kwa vipimo.

Ikumbukwe kwamba yadi ya reli si mahali pa matembezi. Mabehewa husogezwa bila kelele nyingi, na mtu aliyeinama kati ya mawili hana muda wa kukimbia. Ni lazima kuomba ruhusa kwa msimamizi wa stesheni, kueleza nia, na kukubali jibu litakalotolewa. Katu usipande juu ya behewa wala kupita chini yake.

Asiyepata ruhusa ya kupima anaweza kutumia picha iliyopigwa akiwa mahali panaporuhusiwa, kama vile jukwaa la abiria, na hapa kontena linageuka kuwa rula. Kwa kuwa vipimo vyake ni vile vile dunia nzima, behewa lililobeba kontena linakuwa limebeba kipimo chake lenyewe. Tuseme katika picha kontena lina urefu wa milimita 120 na behewa zima lina milimita 250. Zidisha 6.058 kwa 250, gawanya kwa 120, unapata mita 12.62. Katika skeli ya 1:87 behewa hilo litakuwa na urefu wa milimita 145.

Sharti ni kwamba picha ipigwe ubavuni, mbele ya katikati ya behewa na kwa mbali kidogo, kwani ikipigwa kwa kuchepuka, upande ulio karibu utaonekana mrefu kuliko ulio mbali. Piga pia ncha zote mbili, magurudumu, na maandishi yanayotaja namba, uzito wa behewa likiwa tupu na uwezo wake wa kubeba.

Walio na nafasi ya kusafiri wanaweza kujifunza mengi katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa pia ya mita moja, na vyombo vilivyohifadhiwa pale ni ndugu wa karibu wa vile vilivyotumika Tanganyika.

Kutoka karatasi hadi magurudumu

Baada ya kuchora behewa katika karatasi ya miraba kwa ukubwa wa modeli, kazi ya mikono huanza. Vifaa vya mwanzo havihitaji kuagizwa ng'ambo. Manila nzito au plastiki nyembamba na ngumu, rula ya chuma, wembe, msasa laini, tupa ndogo, gundi na waya mwembamba wa shaba kutoka katika mota iliyoungua vinatosha kwa behewa la kwanza.

Huanzwa na sakafu, kwa sababu ikipinda sakafu, kila kitakachowekwa juu yake kitapinda. Kuta hufuata, kisha mbavu za nje zinazoziimarisha. Mbavu hizo zihesabiwe katika picha, na nafasi kati yake zipimwe, kwani mara nyingi nafasi za karibu na mlango hazilingani na za pembeni.

Unene ni mtihani. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa karibu milimita 0.1. Katika skeli ya 1:87 hiyo ni sawa na bamba la chuma la karibu milimita tisa, ambalo ni nene kupita kiasi. Ukuta wa modeli hauwezi kuwa mwembamba kama inavyotakiwa na hesabu ukabaki umesimama. Kwa hiyo mafundi hupunguza kwa msasa kingo tu, pale jicho linapoona unene, na kuacha sehemu nyingine zikiwa na nguvu.

Chini ya behewa huwekwa fremu mbili za magurudumu manne manne, ambazo huitwa bogi. Upo ujanja wa kuzifunga. Bogi moja huachwa izunguke kushoto na kulia tu, na nyingine hulegezwa kidogo ili iweze pia kuyumba. Behewa linakuwa kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakitetereki hata kikiwekwa penye mabonde. Zikikazwa zote mbili, gurudumu moja litaning'inia kila njia inapokuwa na kasoro, na behewa litaacha reli.

Kiungio nacho kisipuuzwe. Mabehewa mengi ya Ulaya yana vizuizi viwili vya duara kila ncha, kushoto na kulia. Mabehewa yetu ya mita moja huungana kwa kiungio kimoja tu cha katikati. Anayenunua behewa la Ulaya ili kuligeuza kuwa la hapa aanze kwa kuving'oa vizuizi hivyo.

Mahali ambapo hesabu hushindwa

Msomaji anaweza kudhani kwamba ukifuata uwiano katika kila jambo hutakosea. Si kweli, na uzito unathibitisha hilo.

Uzito hupungua pande zote tatu kwa pamoja, yaani 87 mara 87 mara 87, ambayo ni zaidi ya 658,000. Behewa la tani 15 likiwa tupu lingekuwa na uzito wa chini ya gramu 23. Behewa jepesi hivyo huruka kwenye kona na kuanguka likisukumwa. Ndiyo maana chama cha waunda modeli cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, hupendekeza katika ukubwa huu gramu 28 za kuanzia, pamoja na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa letu la milimita 145 linapaswa kuwa na gramu 108 hivi, karibu mara tano ya hesabu ya uwiano. Vipande vya chuma au nati hufichwa sakafuni kuongeza uzito.

Rangi pia ina siri yake. Rangi inayong'aa iliyotoka dukani hufanya modeli ionekane kama sahani. Behewa la kazi limepigwa na jua, limepakwa vumbi, na lina kutu pale maji yanapotuama, yaani sehemu ya chini ya milango na kwenye maungio. Fundi mzuri hupaka kutu hiyo kidogo kidogo kwa brashi kavu huku akitazama picha, wala hainyunyizi ovyo. Kila doa liwe na sababu.

Kuna faida gani?

Wapo watakaouliza iwapo nchi yenye mahitaji mengi inaweza kupoteza muda kwa mabehewa ya mezani. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba anayeunda behewa moja kwa usahihi amejifunza uwiano, uchoraji wa kihandisi, upimaji wa milimita na subira, mambo ambayo shule zetu hufundisha kwa chaki bila mwanafunzi kuyashika. Mtoto yule wa Ntalikwa mwenye gari la waya tayari ana mikono. Anachokosa ni rula na mtu wa kumwonyesha.

Lakini ipo sababu nyingine, na haisubiri. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa reli ya SGR, na mpango huo huo unazihusu Tabora, Mwanza na Kigoma. Hayo ni maendeleo yanayostahili kupongezwa. Hata hivyo, mabehewa ya mita moja hayawezi kuhamia katika njia mpya, na chuma kilichozeeka mwisho wake unajulikana: hukatwa, hupimwa kwa kilo na kuuzwa kama chakavu.

Behewa likishakatwa, hakuna atakayejua mlango wake ulikuwa na upana gani, mbavu zake zilikuwa ngapi, wala ng'ombe wa Unyamwezi walipumua kupitia nafasi za ukubwa gani. Majina ya wapagazi wengi wa njia ya Ujiji hatunayo, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika. Si lazima chombo kilichopokea mizigo yao nacho kipotee vivyo hivyo wakati bado kimesimama stesheni, na rula inauzwa dukani.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Behewa la sentimita 14, lililopimwa kwa uaminifu na kuandikwa mwaka wake chini ya sakafu, ni ukurasa mmoja wa daftari hilo.